Shati la Eliamini

Jamani, kaeni niwaeleze mara moja, ili mniache nishone. Tangu Jumamosi kila anayeingia kibandani kwangu ananitazama kama mtu aliyeuza shamba la ukoo. Mnauliza, Mama Sifuni, hata wewe? Ndiyo, hata mimi. Niliingia katikati ya ukumbi, nikamchezea Rajabu wimbo mzima, nanyi mmeketi mmeuelekea ukuta. Mlinituma Gonja nikamlete Eliamini, nikarudi bila Eliamini, halafu nikacheza. Mna haki ya kuuliza. Ila mtanisikiliza tangu mwanzo, kwa sababu mkianzia mwisho mtanielewa vibaya, na mimi nikieleweka vibaya huwa nakasirika. Mnanijua.

Viti vilivyoelekea ukutani

Mwanzo mnaujua, lakini wapo watakaosimuliwa na jirani, basi tuuseme. Nyota ya Tambarare Jazz imepiga muziki hapa Same tangu kabla ya Uhuru, na sauti yake siku zote ilikuwa Eliamini. Wapiga gitaa wamekuja na kuondoka. Mpuliza saksafoni wa kwanza tumemzika, mpiga tumba alihamia Dar, na hatukulia sana. Eliamini alikuwa jambo jingine. Marehemu mume wangu alinishika mkono mara ya kwanza kwenye wimbo wa "Mvua ya Vuli", na alipofariki, Eliamini alikuja matangani akaniimbia wimbo uleule, taratibu, bila gitaa, akiwa ameketi chini kwenye mkeka kama watu wengine. Mtu wa namna hiyo humbadilishi kama kamba ya gitaa.

Halafu mwaka huu, mavuno yalipokwisha, meneja akapanda jukwaani akasema Ndugu Eliamini anapumzika, na mwimbaji wetu mpya ni Ndugu Rajabu. Basi. Hakueleza, wala hakututazama machoni. Akatokea kijana mwembamba kutoka kambi ya mkonge, mtoto wa wakata mkonge waliotoka kusini miaka ile ya manamba, amevaa shati la Eliamini. Shati nililolishona mimi kwa mikono yangu, la kijani lenye kola ya manjano, kwa kipimo cha mwanamume mpana wa mabega. Rajabu alikuwa anaogelea humo ndani.

Tukaamua kwamba Eliamini amefukuzwa. Hakuna aliyetuambia, tuliamua tu. Meneja akaniletea shati nilipunguze, nikamwambia shati hili lina mwenyewe, na mwenyewe hajafa. Dansi lililofuata tukageuza viti, tukauelekea ukuta. Wazo lilikuwa la nani sote tunajua, silikani. Kijana akaiimbia migongo yetu hadi mwisho, na hakukosea wimbo hata mmoja, jambo lililotuudhi zaidi.

Aliyetutia hofu ni katibu wa ushirika. Vyombo vya Nyota ni mali ya ushirika, akasema, na havikununuliwa ili ukuta upigiwe muziki. Kama watu wa Same hawachezi, vitapelekwa kwa watu wanaocheza. Hapo ndipo mkanichagua niende Gonja, kwao Eliamini, nikamsihi arudi. Akirudi, Nyota itapona. Asiporudi, tumeizika.

Asubuhi ya safari nilikuwa nafunga mzigo wangu. Kibuyu cha dengelua nilikuwa nimeshakiziba mdomo kwa jani la mgomba, maana Eliamini hapendi kinywaji duniani kama pombe yetu ya miwa. Nikainua macho, Rajabu huyo mlangoni, na kifurushi cha gazeti mkononi. Akaniamkia, nikaitika marahaba bila kumwangalia. Akasema amesikia naenda Gonja, naye anakwenda. Ndani ya gazeti mlikuwa na shati.

"Mwenyewe akilitaka, nitamkabidhi mkononi," alisema. "Sitaki apelekewe na mtu mwingine."

Nikaona heri. Angalau atanibebea kibuyu.

Same hadi Kisiwani

Basi la Gonja halikuja. Mmoja akatuambia limekufa njiani, mwingine akasema limechukuliwa kusomba watu wanaohamia kijiji kipya, na mwuza kahawa akasema lilipita jana, sisi ndio tumechelewa. Tulikaa stendi mpaka jua likawa utosini. Mwishowe tukapata lori lililokwenda Kisiwani na magunia ya unga. Dereva, mtu mnene mpenda maneno, aliniweka mbele kwa heshima ya umri wangu. Rajabu akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia, kibuyu changu mapajani.

Mimi nikaona uwanja wa kusema umefunguka. Nikampa dereva habari yote, kwa sauti ya kushindana na injini. Akauliza, huyo mwimbaji mpya anaimbaje? Nikasema anaimba kama mtu anayeomba radhi. Dereva alicheka hadi akapiga usukani. Nikaongeza mengine, kuhusu shati, kuhusu miguu yake inavyosimama pamoja jukwaani, kuhusu kambi alikotoka. Tulipofika kwenye korongo tukakuta limejaa maji ya mvua ya milimani, injini ikazimwa, na katika kile kimya ndipo nilipogeuka nikaona kwamba dirisha la nyuma yetu halina kioo. Rajabu alikuwa ameegemea palepale nyuma ya kisogo changu. Alikuwa amesikia kila neno tangu Same.

Yeye alishuka, akatafuta mahali penye maji safi, akaniletea kikombe cha bati kimejaa. Nikanywa.

Tulingoja korongo lipungue. Wakaja akina mama wa Kimaasai wakiwa na maziwa, nasi tukatoa unga kidogo kwa idhini ya dereva, ambaye alisema gunia limepasuka lenyewe. Mama mmoja mtu mzima hakuacha kumtazama Rajabu. Hakujua Kiswahili, na mimi Kimaasai sikijui. Akaonyesha kidole mbavu za Rajabu, akanionyesha mimi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hakukuhitajika mkalimani. Alidhani ni mwanangu, na kwamba simlishi. Rajabu akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona meno yake. Nilimgawia nusu ya makande niliyokuwa nimefunga, ili yule mama aondoke na moyo mweupe. Kwa wakati ule hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Kisiwani tuliingia jioni, tumejaa vumbi na matope kwa pamoja. Nikaenda kwa Bi. Zuhura, yule anayeniuzia nyuzi na vifungo, ambaye ukoo wake umefanya biashara pale tangu enzi za misafara. Mumewe alimchukua Rajabu wakaenda msikitini, na sisi wawili tukabaki jikoni. Alinipikia wali wa nazi na mchicha, na huku akikuna nazi aliniuliza juu ya safari. Nikamweleza, safari hii kwa sauti ya chini.

Akasema amemsikia Rajabu, Nyota walipokwenda kupiga muziki kule Ndungu. Nikasogea karibu, nikitarajia mwenzangu ataniunga mkono.

"Anaimba vilevile kama Eliamini alipoanza," akasema. "Wewe umesahau. Eliamini naye alikuwa anatetemeka. Tulikuwa tunamcheka, mimi na wewe, kwenye benchi la mbele."

Nikamwambia si kweli. Akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wanaofunga kamba ndio hao wanaolalamika kwamba kuku hatembei. Niliula wali wake nikiwa nimenuna, lakini niliula wote, na nikaongeza.

Kisiwani hadi Maore

Lori halikuendelea. Tukaanza kwa miguu asubuhi, tukitumaini kupata chombo mbele. Kabla hatujafika mbali tukasikia baragumu, na kwenye kona tukakuta mvua imekata barabara, na kijiji kizima kimetoka na majembe. Msaragambo. Nyinyi mliozaliwa Upare hamhitaji kuambiwa: baragumu ya msaragambo ikishalia, hakuna anayepita pale mikono mitupu, awe anakwenda harusini au mahakamani.

Nilijaribu hata hivyo. Nikamwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba mimi ni mjumbe, nimetumwa jambo zito. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu kabisa, akasema hata wajumbe wanapita barabarani, akaniwekea karai la kokoto kichwani. Rajabu alikuwa ameshapokea jembe.

Kazi ilikuwa inakwenda kwa kuchoka. Watu walikuwa wameianza alfajiri, na anayeanzisha nyimbo alikuwa mzee ambaye sauti imemkauka. Rajabu alilima kimya kwa muda, kisha akaupokea wimbo. Haukuwa wimbo wa Nyota, wala wa kwetu. Ulikuwa wimbo wa wakata mkonge wa kusini, wa baba yake nadhani, na maneno ya Kiswahili mle yalikuwa machache: mama nitarudi, mvua ikinyesha nitarudi. Alitupa mstari, watu wakaudaka. Majembe yakaanza kushuka pamoja. Hakuwa anaomba radhi kwa mtu. Sauti ilitoka imetulia, pana, ikafika hadi kwa watoto waliokuwa wanakusanya mawe kule chini ya kona.

Na mimi niliitikia. Karai kichwani, shingo inauma, naitikia mama nitarudi. Nilipojishtukia nilikuwa nimeshaitikia kwa muda mrefu, na nikaona aibu kunyamaza katikati, nikaendelea.

Tulipopumzika wakatupa makande na ndizi mbivu. Mwenyekiti akaja kukaa karibu yangu, akauliza kama tungeweza kuwaachia kijana yule hadi barabara iishe. Nikamwambia haiwezekani, anayo kazi yake, anaimba kwenye bendi. Maneno yalinitoka kabla sijayachuja. Rajabu alikuwa anamenya ndizi, akaacha kumenya.

Baadaye trekta la kijiji likatupeleka Maore.

Maore hadi Gonja juu

Mlima wa Gonja haunitaki, naujua tangu ujana. Tulipanda taratibu, Rajabu akiwa na kibuyu, kifurushi cha shati na sasa hata mzigo wangu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu ya wimbo ule, maana ni vigumu kumchukia mtu uliyemwitikia. Nikaamua kumuuliza wazi. Kwanza, alijisikiaje kuimbia migongo yetu?

"Nilikuwa nafumba macho," akasema.

Nikauliza la pili, kama Eliamini alifukuzwa. Akasema Mama Sifuni, atakueleza mwenyewe. Nikasema moyoni, haya basi, anajua, na anaona haya. Nilipata nguvu ya kupanda.

Huko juu hewa ni nyingine. Maji yanapita kwenye mifereji kati ya migomba na iliki, na kila unayekutana naye anasimama kukusalimu hadi amalize habari za ng'ombe. Wanaongea Chasu, Kipare cha huku, na mimi ni mtu wa Ngujini kule Ugweno, Kigweno changu kinanisaidia kama kijiti kinavyomsaidia anayevuka mto. Nashika neno hapa na pale. Walituelekeza nyumba ya akina Eliamini, chini kidogo ya hospitali. Karibu na nyumba Rajabu akaomba tusimame. Alinawa miguu mferejini, akavaa shati lake jeupe la msikitini, akakifuta kibuyu vumbi hadi kikang'aa. Nami nikafunga kanga vizuri. Nilimwona ana adabu ya kwenda kwa watu.

Sasa tafakarini wenyewe. Mwanamke mtu mzima, kijana msafi aliyenawa, kibuyu cha dengelua chenye jani mdomoni, tena kimebebwa na kijana mwenyewe. Ninyi mngejua. Mimi pia najua, mila hiyo hata kwetu ipo. Lakini mtu mwenye jambo lake kichwani haoni anafanana na nini.

Barazani kwa akina Eliamini

Shangazi yake Eliamini alitupokea. Alikitazama kibuyu, akamtazama Rajabu, akanitazama mimi. Akakipokea kwa mikono miwili na kukiingiza ndani. Nikasema moyoni, watu wa heshima hawa. Mara akamtuma mtu, na wazee wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamevaa makoti. Nikawaza, kumbe Eliamini amewaambia kwao jinsi mashabiki wake tulivyo, hata tunapokewa na ukoo. Pembeni, kwenye kiti cha kamba, alikaa mtu mwembamba mwenye kitambaa shingoni. Nikamsalimu kama wengine, akaitika kwa kuinua mkono.

Baba mkubwa wa Eliamini ndiye aliyeongea. Akaniuliza habari za njia, za mvua, za Same. Halafu akakohoa, akauliza kijana huyu anafanya kazi gani.

Nikaona twende moja kwa moja. Nikasema anaimba, ila sisi hatumtaki.

Wazee wakatazamana. Baba mkubwa akauliza kama ana shamba. Nikasema shamba atalitoa wapi, mtoto wa manamba, hata shati alilokuwa anavalia kazini ni la mtu. Rajabu alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Mzee mwingine akauliza juu ya wazazi wake, nikasema siwajui, wala sijawahi kuuliza. Baba mkubwa akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuokoa jambo, je, tabia yake?

Hapo ikabidi nifikiri. Tumetoka naye Same, nimekula naye, nimelala nyumba moja naye, nimemsema mbele ya masikio yake.

"Ni mvumilivu," nikasema. "Nimemtukana njia nzima, naye amenibebea mzigo."

"Mama," akasema baba mkubwa, "nimepokea washenga wengi katika baraza hili. Wote husifu hata wasichokijua. Wewe ni wa kwanza kuja kutuonya."

Washenga? Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama Nakundwa, binti mkubwa wa Eliamini, ameogeshwa, amepakwa mafuta, kanga mpya begani, anatazama vidole vya miguu yake. Ardhi ingepasuka wakati ule ningeingia bila kuitwa.

Na yule mtu wa kwenye kiti cha kamba akaanza kucheka. Kinywa kimefunguka, machozi yanamtoka, mabega yanapanda na kushuka, na hakuna sauti. Hata kidogo. Mimi ni fundi, na mabega niliyoyapima siyasahau. Nyama ilikuwa imekwisha, lakini la kushoto lilipanda kabla ya la kulia, kama lilivyopanda jukwaani miaka yote. Nilikuwa nimemsalimu Eliamini kama mtu baki.

Nililia, jamani. Sikutafuta mahali pa kujificha. Shangazi aliniletea maji, na wazee wakaondoka mmoja mmoja, wakiniambia pole.

Eliamini huzungumza kwa kunong'ona sasa, na anachoka upesi, kwa hiyo nitawapa kwa ufupi. Uvimbe ulimwota kooni. Hapo hospitali walimpasua vizuri, akapona, lakini sauti haikurudi, wala haitarudi, walimwambia mapema ili asijidanganye. Hakuna aliyemfukuza. Alipohisi koo linakwenda, aliwatembelea wakata mkonge kambini, akawasikiliza wakiimba, akamchagua Rajabu na kumfundisha nyimbo zote, moja baada ya moja, kwa sauti iliyokuwa inamwisha. Shati alimpa yeye mwenyewe. Akawaapisha wote wawili, meneja na Rajabu, wasituambie.

Kwa hiyo Rajabu alijua. Kwenye migongo yetu alijua, kwenye lori alijua, na mlimani nilipomuuliza alijua.

Nikamuuliza Eliamini kwa nini alitufanyia hivyo.

"Mngecheza kwa kunihurumia," akanong'ona. "Nilitaka mumchezee yeye. Nilidhani mtanisahau haraka."

Nikamwambia alitudhania vibaya. Akakubali, akasema habari za viti zilimfikia, na siku ile alifurahi na kulia kwa pamoja.

Kisha akamwomba Rajabu aimbe "Mvua ya Vuli". Akasema miaka yote ameuimba akiwa ameipa bendi mgongo na sisi uso, hajawahi hata mara moja kuketi tunapoketi sisi na kuusikia. Rajabu akaimba, palepale barazani, ameshika magoti, na safari hii hakufumba macho. Eliamini alikuwa anagonga mapigo kwa kidole kwenye mkono wa kiti. Lilipofika lile pigo la kusubiri, ambalo alikuwa analivuta hadi tunakosa pumzi, Rajabu alilivuta vilevile. Eliamini alifumba macho. Na mimi nilimwona mume wangu, niwaambie ukweli, nilimwona ananyoosha mkono.

"Sasa na mimi ni shabiki kama wewe," Eliamini akaninong'oneza wimbo ulipokwisha. "Mkiiua Nyota, nitasikiliza nini?"

Rajabu alifungua gazeti, akampa shati. Eliamini akalivaa juu ya nguo zake. Lilimning'inia mabegani kama lilivyokuwa linamning'inia kijana. Akainua mikono nione jinsi mikono ya shati inavyomeza vidole. Akasema unaona, hata mimi halinienei. Akalivua, akaniwekea mapajani.

"Mpunguzie," akasema. "Ila usikate. Kunja kwa ndani. Kijana atanenepa."

Nakundwa akaniletea sindano na uzi. Nilimpima Rajabu kwa viganja, kwa mara ya kwanza nikamshika mabega, nikakuta ni mapana kuliko nilivyodhani. Nilishona kwa mkono mpaka jua likakaa mlimani.

Kurudi

Njia ya kurudi haina hadithi. Barabara ya msaragambo ilikuwa imeungana, basi likapita. Kibuyu changu kilibaki Gonja, kwa sababu shangazi alisema kibuyu kilichoingia ndani kwa njia ile hakitolewi kwa kuombwa, kitarudi na majibu. Rajabu akaniuliza kama nitakwenda kukifuata. Nikamwambia kibuyu ni changu, lakini safari ya kukifuata ni yake.

Tuliingia Same Jumamosi alasiri, vumbi tupu, nikaenda ukumbini moja kwa moja. Eliamini aliniruhusu niwaambie yote. Amechoka kufichwa, alisema. Meneja akaniita jukwaani niseme. Nilipanda, nikawaona mnavyoelekea ukutani, migongo ninayoijua yote kwa kipimo chake. Ndiyo maana nilishuka. Bendi ikaanza "Mvua ya Vuli", na kwa kuwa maneno yalinigomea, nikacheza.

Mmoja wenu amesema nimelikata shati la Eliamini. Sijakata hata uzi. Mkimwomba Rajabu akalipindua, mtakuta kitambaa chote kimo ndani, kimekunjwa, kinasubiri.

Na kile kiti kimoja kilichoelekea jukwaani, ambacho sikukikalia, mkadhani ni changu nimekisahau kwa kunogewa, si changu. Eliamini amesema akipata nguvu za kushuka mlima atakuja kukaa kati yetu, asikilize. Kiti chake nimeshakigeuza. Vya kwenu mtavigeuza wenyewe.